Kazi ya Mbali na Haki ya Kuiacha: Kibondo na Kasulu tangu Enzi za Mkonge

Nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Heru Juu na Kasulu hadi Kibondo na Kakonko, zimeijua kazi ya mbali kwa pande zake zote mbili. Chini ya Mwingereza, vijana wa Kiha walitoka huko kwenda kuanza kibarua chao cha kwanza zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwishoni mwa mwaka 1993 ukaanza mkondo wa kuingia: wahitimu wa vyuo vikuu vya Ulaya, Amerika, Nairobi na Dar es Salaam walikuja Kibondo na Kasulu kuanza kazi katika kambi za wakimbizi. Palipokuwa pakitoa manamba, vibarua wa mkataba, pakawa panapokea wahitimu. Kwa hiyo pana ushahidi wa kutosha juu ya swali linalomkabili leo kila kijana anayemaliza chuo akitazama nje ya nchi: kazi ya kwanza ya ugenini inaridhisha lini? Wengi hujibu kwamba ni mshahara, au cheo, au kuipenda kazi yenyewe. Historia ya Buha, nchi hii ya Waha, inanielekeza kwingine. Ninachokisoma humo ni kwamba kazi ya ugenini humridhisha anayeianza kwa kadiri anavyoweza kuiacha bila kuangamia. Anayeweza kuondoka ndiye anayebaki kwa hiari na kujifunza kwa moyo. Asiyeweza kuondoka, hata kazi nzuri humgeukia kifungo.

Kwanza, kwa nini watu waliondoka. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ilipita kusini mwa Buha bila kuzigusa nyanda zenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliishika nchi hiyo tangu 1916, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Waingereza wakadai kodi ya fedha taslimu mahali ambapo fedha taslimu ilikuwa adimu. Kibondo ilikuwa na asali na nta, na Kasulu ilikuwa na maharage, mihogo na ng'ombe, ila soko lilikuwa mbali na mzigo ulibebwa kichwani. Katika miaka ya 1930 malale yalipozidi, serikali iliwahamisha watu wengi wa Kibondo kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya kwenye makazi maalumu ili kuwatenga na mbung'o. Mashamba yao ya zamani yakarudi kuwa pori. Kijana aliyetakiwa kulipa kodi, kununua nguo na kutafuta mahari alibaki na njia chache. Wengine walitembea kaskazini mpaka Buganda kulima pamba na kahawa za watu, kwenye njia iliyokuwa imekanyagwa tayari na Warundi. Wengine walifuata dhahabu Geita. Wengi walielekea kwenye mkonge.

Kwa mujibu wa ramani Tanga na Kibondo zilikuwa nchi moja, na msomaji anaweza kusema kwamba huko hakukuwa ng'ambo. Tazama alichokikuta kijana huyo. Aliacha Kiha akaingia katika Kiswahili cha makambini. Aliacha nchi ya mwami, mtawala wa Waha, na watwale, machifu wake wadogo, akaingia chini ya meneja na nyapara. Safari ilimchukua kwa treni kutoka Kigoma, kisha kwa lori, kwa kuwa Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuunganishwa mpaka mwaka 1963. Kama ugenini ni mahali ambapo lugha, sheria na watu wa kukutetea vyote si vyako, basi Korogwe ya mwaka 1948 ilikuwa ugenini kwa Muha kuliko Nairobi ilivyo leo kwa mhitimu wa Dodoma.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, wakakiita SILABU, na Kigoma ikawa moja ya sehemu zilizokipatia vibarua. Maofisa wake walipita vijijini, wakaandikisha vijana, wakawapeleka kupimwa afya, wakawapa blanketi na chakula cha njiani, wakalipia safari ya kwenda na ya kurudi. Kwa macho ya leo mpango huo una mambo mazuri, nami sioni sababu ya kuyaficha. Aliyeandikishwa hakuingia kwenye deni la nauli kwa mtu binafsi, alijua atalala wapi usiku wa kwanza, na mke wake aliweza kusafirishwa pamoja naye. Kasoro ilikuwa ndani ya mkataba. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuutoroka mkataba kuwa kosa la jinai: kijana aliyeona kazi haimfai alikuwa mkosaji wa kukamatwa, na hakuna aliyemhesabu kuwa mfanyakazi aliyebadili nia. Shambani penyewe maisha yake yaliandikwa kwenye kipande, kadi yenye nafasi thelathini za siku thelathini za kazi. Kila siku alikuwa na ngwe yake: kukata majani ya mkonge, kuondoa mwiba wa kila ncha, kuyafunga matita ya majani thelathini thelathini, na kuyapanga kando ya reli ndogo ili yahesabiwe. Ngwe ikitimia, siku iliwekwa alama. Isipotimia, siku ilipotea. Siku hizo thelathini zilitakiwa zikamilike ndani ya siku arobaini na mbili, na mshahara ulisubiri kadi ijae.

Sambamba na hao walikuwepo waliokwenda wenyewe bila SILABU, na kwangu tofauti ya makundi haya mawili ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Kazi ilikuwa ileile, kisu kilekile na mwiba uleule, na kipande nacho hakikuwa kingine. Aliyejitafutia alikuwa amejilipia nauli au ametembea, na mara nyingi alikwenda kwa ndugu au jirani aliyetangulia. Faida yake ilikuwa moja: kadi ilipojaa alilipwa, naye akaamua. Kama meneja alikuwa mkali au majani ya shamba lile yalikuwa mafupi, alihamia shamba la pili. Kama mvua zimeanza kwao, alirudi kulima. Haikuwa siri kwamba wazoefu walipendelea njia hii, na kwamba uandikishaji ulivuna zaidi sehemu za mbali na maskini, ambako watu hawakuwa na nauli wala habari za mashamba. Kibondo ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo. Kwa hiyo Waha waliingia wengi kwenye mkataba mgumu kwa sababu ya umbali tu, wala si kwa sababu waliupenda. Wengi wa waliokaa na kufanya maisha Korogwe na Muheza, ambako wajukuu wao wapo mpaka leo, walikaa baada ya mikataba kwisha, walipokuwa huru kuchagua.

Pingamizi la wazi ni kwamba mhitimu wa chuo kikuu hawezi kulinganishwa na manamba. Mmoja alisukumwa na kodi, mwingine anavutwa na ndoto. Mmoja hakujua kusoma mkataba, mwingine ana shahada. Tofauti hiyo ni ya kweli. Ila shahada haimpi mtu uhuru wa kuondoka moja kwa moja, na historia yetu wenyewe inaonyesha hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kama chuo kishiriki, kilianza na wanafunzi wachache wa sheria. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhitimu hakutafuta kazi: alipangiwa. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne, siku hiyohiyo akitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja ya Mwalimu ilikuwa na uzito. Vijana wale walisomeshwa kwa jasho la wakulima wa nchi nzima, wa Buha wakiwemo, na deni lilikuwepo. Lakini walimu na mabwana shamba waliopangiwa Kibondo katika miaka ile hawakuifurahia kazi kwa sababu ya kupangwa. Waliofurahia ni wale ambao, baada ya muda wa lazima kwisha, waliona sababu ya kubaki. Tena mwaka 1961 huohuo Tanganyika ilipokea kundi la kwanza la vijana wa Peace Corps kutoka Marekani, wapimaji, wahandisi na wanajiolojia, wengi wakiwa katika kazi zao za mwanzo. Nao walikuwa mbali na kwao, nao walilipwa kidogo, na shida za barabara za Tanganyika walizikuta zilezile. Kilichowatofautisha na kijana aliyepangiwa ni kwamba tarehe ya mwisho ilikuwa mkononi mwao na tiketi ya kurudi ilikuwepo.

Kisha kambi zikaja. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Wengine walirudi upesi, ila vita ikaendelea na makambi yakaota: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, na Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita ya Zaire. Kibondo, mji mdogo wa vumbi jekundu, ukapata ofisi ya UNHCR, maghala ya chakula cha WFP, IRC na mashirika mengine mengi, nyumba za kupanga zenye jenereta, na kila asubuhi msafara wa magari meupe kuelekea kambini na kurudi kabla ya giza. Kwa kijana aliyetoka chuoni Ulaya na shahada ya sheria za kimataifa au afya ya jamii, hapa palikuwa pa kuanzia. Aliingia kama mwanafunzi wa kazi, au kama mjitolea wa Umoja wa Mataifa, au kwa mkataba wa miezi sita wa shirika. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amesimamia mambo ambayo kwao angeyagusa baada ya miaka kumi: usajili wa watu elfu kadhaa, mgawo wa maji, chanjo. Wengi walizidi kupanda baada ya hapo, Nairobi, Geneva, Juba. Kambi za Warundi zilipofungwa, Mtabila ya mwisho mwaka 2012, wimbi lilipungua. Nduta ilipofunguliwa tena Oktoba 2015 na Mtendeli mwezi Januari uliofuata, kwa sababu ya machafuko mapya ya Burundi, likarudi.

Tazama wafanyakazi watatu katika darasa moja la kambi, maana hapa hoja inaonekana kwa karibu. Wa kwanza ni ofisa elimu mgeni: ana mkataba, bima, likizo ya kupumzika kila baada ya wiki kadhaa, na tiketi. Wa pili ni Mtanzania aliyemaliza chuo Dar es Salaam au Mwanza. Kwake Kibondo ni ugenini pia: hajui Kiha, amesafiri siku mbili kwa basi, na mshahara wake ni wa mkataba unaofuata fedha za wafadhili. Wa tatu ni mwalimu mkimbizi mwenye cheti au shahada ya Bujumbura au Bukavu. Anafundisha mtaala wa kwao, kwa Kifaransa, mbele ya watoto mia wakiwa wamekaa chini, na kwa kazi hiyo anapewa motisha, fedha ndogo isiyoitwa mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na kanuni za kambi zinamzuia kutoka bila kibali wala kuajiriwa nje. Kwa maarifa ya kazi yenyewe, huyu wa tatu mara nyingi ndiye anayejua zaidi: anaijua lugha ya watoto, anaujua mtihani watakaofanya, anazijua familia zao. Kama kuridhika kungetokana na umuhimu wa kazi, angewazidi wenzake wote. Wapo walimu wa kambini waliofundisha kwa heshima ya ajabu miaka na miaka. Hata hivyo wengi walipopata upenyo wa kwenda Marekani au Kanada, au wa kurudi nyumbani, waliuchukua upesi, hata pale walipojua kwamba huko watakakokwenda kazi yao ya kwanza ingekuwa kukata nyama kiwandani na cheti chao kisingetambuliwa. Waliiacha kazi yenye maana isiyo na mlango, wakaenda kwenye kazi isiyo na maana yenye mlango. Uamuzi huo siuoni kuwa upungufu wa wito. Naona ni akili timamu.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo linatoka kambini kwenyewe. Uhuru wa mgeni wa kuondoka uliwaumiza wengine. Ofisa mpya alifika, akajifunza majina, akaanza kuelewa nani ni nani, mkataba ukaisha, akaondoka. Mkimbizi akalazimika kuisimulia upya habari ya kubakwa au ya kupotelewa na mtoto kwa mtu wa tatu au wa nne. Wasaidizi wa Kitanzania waliobaki walibeba kumbukumbu ya ofisi bila cheo kinacholingana nayo. Pingamizi hili nalikubali karibu lote, na ni aibu kwa wanaoajiri. Ila linashtaki kitu gani hasa? Miezi sita haikuchaguliwa na kijana yule. Ilichaguliwa na wafadhili wanaotoa fedha mwaka kwa mwaka, na mashirika yanayouhesabu uzoefu wa kijiji kimoja kuwa ngazi ya kwenda kwingine. Mgeni aliyetaka kubaki miaka minne mara nyingi hakuruhusiwa, na Mtanzania aliyestahili kuchukua nafasi hakupewa. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti ajira za wageni, inayomtaka mwajiri aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi, ilikuja kurekebisha upande huo wa pili, na sehemu hiyo ya sheria naiona ya haki. Haki ya kuondoka haimlazimishi mtu aondoke. Lazima hiyo ilitoka kwenye bajeti.

Mfano wa waliobaki upo, tena Buha ina mfano mrefu. Wamisionari Waanglikana kutoka Australia, wa CMS, walianza kazi katika nyanda hizi miaka ya 1930, miongoni mwao wauguzi na walimu vijana waliotoka masomoni. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walikuwa wamefika Ujiji tangu 1879, na Kabanga karibu na Kasulu ikawa na misheni, hospitali na chuo cha ualimu. Msomaji atasema hawa wanaibomoa hoja yangu: walikaa miongo, wengine wakazikwa huko, na kilichowaweka ni wito. Wito ulikuwepo, sina shaka. Lakini wito huo ulisimama juu ya nguzo ambazo manamba hakuwa nazo. Kwa wale wa CMS kulikuwa na likizo ndefu ya kurudi Australia kila baada ya miaka michache, kanisa lililowatuma na kuwapokea wakichoka, na kazi yenye warithi. Dayosisi ya Western Tanganyika ilipoundwa mwaka 1966, makao yake Kasulu, askofu wake wa kwanza alikuwa Musa Kahurananga, mwenyeji. Muuguzi aliyejua kwamba akiugua atarudishwa kwao, na kwamba akiondoka zahanati haitakufa, aliweza kutoa moyo wake wote. Mtu aliyekata tamaa ya kutoka hutoa kile tu kinachotakiwa ili ngwe itimie.

Kwa mhitimu wa Kibondo wa leo mambo haya hayajapita. Mkopo wa chuo kutoka Bodi ya Mikopo unamdai, wazazi wameuza shamba au ng'ombe kumfikisha chuoni, na ajira za serikali ni chache. Kuna wanaomwambia kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, aende tu, popote. Sikubaliani nao. Nchi nyingi za Ghuba zimeendesha kwa miongo mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mdhamini mmoja. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti zilizochukuliwa na mishahara iliyozuiliwa. Oman ililegeza mwaka 2021, ikaondoa sharti la idhini ya mwajiri kwa anayetaka kuhama mkataba ukiisha. Qatar ilikwenda mbali zaidi mwaka 2020. Hata wenye shahada hawako salama kama wanavyodhani. Muuguzi anayekwenda Uingereza kwa viza ya udhamini anaweza kubadili mwajiri, lakini ajira ikikatika hupewa kwa kawaida siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Mhandisi wa viza ya H-1B kule Marekani yuko katika hali inayokaribiana na hiyo. Hawa si manamba, na kuwaita hivyo ni kuwadharau waliokatwa mikono na miiba. Lakini kipimo ni kilekile: akisema kazi hii hainifai, kesho asubuhi yuko wapi?

Kipimo hicho kinageuka maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini. Nani anashika pasipoti? Je, naweza kuhamia kwa mwajiri mwingine nikiwa hukohuko, na kwa idhini ya nani? Cheti changu kitatambuliwa, au nitaanza upya kama asiyesoma? Nauli ya kurudi inatoka wapi, hata nikivunja mkataba? Swali hili la mwisho linanisumbua kuliko mengine, kwa sababu SILABU, pamoja na ubaya wote wa sheria iliyokuwa nyuma yake, ililijibu kwa maandishi kwa aliyemaliza mkataba, na mawakala wengi wa leo hawalijibu kabisa. Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, ulianzishwa 2008 ukiwa na wajibu wa kuunganisha Watanzania na kazi za nje. Sioni kwa nini mkataba wowote upite mezani pa serikali bila mambo mawili kuandikwa ndani yake: fedha ya kurudi iliyowekwa kabla ya safari, na ruhusa ya kuhama mwajiri bila kuomba kibali kwa yule anayehamwa. La kwanza manamba wa Kibondo walikuwa nalo mwaka 1950. La pili walilinyimwa.